Shajara ya mvinyo wa choya na mbege, Julai mpaka Krismasi

6 Julai

Nimeanza leo. Lengo ni moja tu, Krismasi hii nikipanda kwenda nyumbani Marangu, Kilimanjaro, nibebe mvinyo niliopika mwenyewe hapa Dodoma na mama auonje. Mama amepika mbege, ile pombe ya Kichaga ya ndizi na ulezi, tangu kabla sijazaliwa, watu walikuwa wanavuka mto kuja kunywa kwake, kwa hiyo sitaki kumpelekea kitu cha kubahatisha, na ndo maana naandika kila kitu humu, kilo, tarehe, joto, vyote.

Dodoma ukisema mvinyo watu wanawaza zabibu na wako sahihi, huku zabibu zinavunwa mara 2 kwa mwaka na ipo mpaka aina nyekundu inaitwa Makutupora kwa jina la hapo hapo. Ila mimi nimechagua choya, ile wengine wanaiita rosela. Kavu ipo sokoni Majengo mwaka mzima, haiozi wala hainikimbizi kama embe zinavyokukimbiza, na ule wekundu wake mimi naupenda kuliko wa zabibu, nasema kabisa.

Kilichoingia: choya kavu gramu 400, sukari kilo 4 na nusu, maji mpaka kufika lita 20. Limau sikuweka, choya yenyewe ina uchachu wa kutosha. Maji ya bomba ya mtaani kwetu yana chumvichumvi nikaona ninunue ya kunywa. Choya haichemshwi, nimechemsha maji nikazima moto ndo nikaimwaga nikafunika dakika 30, ukiichemsha sana inatoa ladha ya majani makavu na rangi inaanza kwenda kahawia. Nikachuja kwa kitambaa cha kuchujia tui, sukari nikaikoroga ikingali moto, nikaacha ipoe mpaka usiku halafu nikaweka hamira ya mkate kijiko kimoja. Haidromita imesoma 1.086.

Kwa asiyeijua, haidromita ni kijiti cha kioo kinachoelea, kinywaji kikiwa na sukari nyingi kinanyanyuka, hamira ikishaila sukari kinazama. Namba ya mwanzo ukitoa ya mwisho ukazidisha mara 131.25 unapata asilimia ya kilevi. Hii yangu niliagiza Dar na ndo kifaa pekee nilichonunua, vingine vyote ni vya nyumbani: ndoo ya mfuniko, dumu la maji ya dispensa, na mpira wa dripu unaotoka kwenye mfuniko kwenda kwenye chupa ya maji ili gesi itoke na hewa isiingie.

8 Julai

Inachemka. Mpira unatoa mapovu kila sekunde 4 hivi, chumba kizima kinanukia choya na mkate.

14 Julai

Leo asubuhi harufu imebadilika, mayai viza. Sio kidogo, nimefungua mlango wa stoo nikarudi nyuma. Nimekaa siku nzima nasoma na nimeelewa kitu ambacho ningekijua mwanzo ningefanya tofauti. Hamira haiishi kwa sukari peke yake, inahitaji nitrojeni kama mmea unavyohitaji mbolea. Juisi ya zabibu inayo, ndo maana wapika zabibu wengi hawapati shida sana, lakini mimi nilichompa hamira ni chai ya choya na sukari nyeupe, yaani njaa tupu, na hamira yenye njaa inatoa ile gesi ya salfa inayonuka yai bovu.

Jirani akanishauri niweke DAP, ile chumvi yenye nitrojeni inayouzwa pia kama mbolea, maana ameona mahali kwamba wapika mvinyo wanaitumia. Ni kweli wanaitumia, ila ile iliyotengenezwa kwa ajili ya chakula. Ya duka la pembejeo ni ya kupandia mahindi, haijasafishwa kwa mtu kunywa, inaweza kuwa na madini mazito ndani na usiguse kabisa hata kama jina kwenye mfuko ni lile lile. Nilichofanya ni kuchemsha hamira ya mkate vijiko 2 kwenye kikombe cha maji dakika 10 ili ife kabisa, ikapoa nikaimimina humo. Hamira hai inakula ile iliyokufa.

18 Julai

Harufu imepungua sana ila haijaisha. Nimeuhamishia kwenye ndoo nyingine kwa kuumwaga kutoka juu ili ile gesi itoke. Njia hii inafaa wakati bado unachemka, ukishatulia hewa inaharibu.

27 Julai

Mapovu yamesimama. Haidromita 1.014. Kwa hesabu ni asilimia 9 na kitu, nikaona sawa, imeishia hapo na utamu kidogo umebaki, vizuri tu. Usiku huku kunashuka mpaka nyuzi 14, nalala na mablanketi 2.

3 Agosti

Nimejaza chupa 24. Chupa nimeziokota kwenye hoteli moja, nikaziloweka, nikaondoa lebo, nikachemsha. Nyingine nilisafisha kwa dawa ya klorini na hapa niseme kabisa, ukitumia klorini suuza mara 4 au 5 kwa maji yaliyochemshwa maana ikibaki hata kidogo mvinyo unapata ladha ya dawa ya hospitali na haitoki tena.

17 Agosti

Nimefungua moja. Rangi nzuri mno, ukiishika kwenye jua ni kama kito. Ila mdomoni hakuna kitu. Unaingia mkali mbele ya ulimi halafu unapotea kama maji, na kwa mbali kuna yai. Nimekunywa glasi moja nikaacha.

Jioni nikampigia mama. Shikamoo, marahaba, habari za huko, mvua, ng'ombe, halafu nikamweleza kwamba nimepika kitu cha choya lakini kinakuwa chepesi hakikai mdomoni. Hakuniuliza mvinyo ni nini wala haidromita ni nini, aliniuliza swali moja tu, "Umeweka ndizi?" Nikamwambia mama hii ni ya choya. Akasema, "Nimesikia ni ya choya. Weka ndizi mwanangu, zilizoiva mpaka ganda limekuwa jeusi, uzichemshe uchukue maji yake."

Usiku nikaingia kutafuta na kumbe wapika mvinyo wa nyumbani huko Uingereza wamekuwa wakifanya hivyo hivyo miaka mingi, wanachemsha ndizi na kuchukua supu yake ili mvinyo mwepesi upate uzito, na ndizi inaongeza na chakula cha hamira pia. Mimi nimekua nikinusa ndizi zikichemka nyuma ya nyumba kila wiki na halikunijia.

31 Agosti

Bachi ya pili, yaani mpiko wa pili. Choya nimepunguza hadi gramu 350, maana ikizidi uchachu wenyewe unaibana hamira. Ndizi kilo 2 na nusu baada ya kumenya, zile za madoa meusi ambazo muuza ndizi alitaka kunipunguzia bei akidhani sijaziona, nimezichemsha nusu saa kwenye maji lita 4, nikachuja bila kukamua, ukikamua unapata uji na mvinyo hautakaa uwe angavu. Sukari kilo 4. Jumla lita 20. Haidromita 1.084.

Hamira safari hii sio ya mkate, nimepata pakiti ya EC-1118, gramu 5, hamira maalumu ya mvinyo. Nimeiamsha kwenye maji ya uvuguvugu dakika 15 kabla. Na kijiko kimoja cha hamira ya mkate iliyochemshwa nimeweka tangu siku ya kwanza, sikusubiri njaa.

4 Septemba

Inachemka kwa nguvu, hakuna yai, inanukia ndizi mbivu na kitu kama ua. Tatizo jipya ni joto. Dodoma imeanza kupasha, mchana stoo inafika nyuzi 29, na hamira yenyewe ikifanya kazi inaongeza joto lake juu ya hapo. Ikipata moto sana inaharakisha na kutoa vile vilevi vizito vinavyouma koo. Watu wengi wanalaumu tunda au sukari, mimi naamini pombe nyingi za nyumbani zinaharibikia kwenye joto.

Friji la kuweka ndoo sina. Nimeweka ndoo ndani ya beseni la maji, nikaivisha fulana kuukuu iliyolowa ambayo pindo lake limezama kwenye beseni, feni ikapuliza. Maji yanapanda kwenye fulana yanakauka na yakikauka yanabeba joto, sawa na mtungi wa udongo unavyopoza. Themomita niliyobandika kwenye ndoo inasoma 23. Hii inakubali hapa kwa sababu hewa ya Dodoma ni kavu, rafiki yangu wa Tanga amejaribu akapunguza nyuzi 2 tu maana pwani hewa imeshajaa maji.

15 Septemba

1.010. Nimehamisha kwenye dumu, machicha nimeacha chini.

21 Septemba

Saa 8 usiku mlio kama wa risasi stoo. Nikadhani mtu amevunja dirisha. Kufungua mlango nakuta chupa 3 za bachi ya kwanza zimepasuka, vipande vimefika ukutani upande wa pili na mvinyo umetapakaa kama damu. Mtoto wangu wa mwisho huwa anaingia humo kuchukua mpira wake, nimekaa chini nikatetemeka.

Nimeelewa sasa. Ile 1.014 ya Julai haikuwa mwisho, hamira ilikuwa imelala kwa baridi. Joto la Septemba limeiamsha ndani ya chupa iliyofungwa, ikaanza kula ile sukari iliyobaki na gesi haina pa kutokea. Chupa ya mvinyo wa kawaida haikutengenezwa kubeba presha, zile za shampeni ni nene kwa sababu hiyo. Mapovu kusimama sio ushahidi wa kitu chochote. Ushahidi ni haidromita isome namba ile ile wiki 2 au 3 mfululizo, tena iwe imeshuka chini, kwenye 1.000 au pungufu.

Zilizobaki nimezifunika kwa blanketi nzito, asubuhi nikavaa glavu za kuchomelea na miwani nikazifungua moja moja nje nikimwaga. Hata moja sijaacha.

12 Oktoba

Bachi ya pili 0.998. Naisubiri.

Wakati nasubiri nimeamua nijaribu mbege, maana mama akija kuniuliza nimejifunza nini kuhusu ndizi sitaki nimjibu yale ya kwenye simu tu. Ulezi nimepata mzuri unatoka Singida, kilo 2. Nimeuloweka usiku kucha, nikaumwaga kwenye gunia lenye unyevu na kulifunika, nalinyunyizia asubuhi na jioni. Mama amenitumia msesewe kwa basi, magome kama kiganja hivi yamefungwa kwenye gazeti.

16 Oktoba

Ulezi umechipua, vijimizizi vya nusu sentimita. Nimeuanika na kesho unasagwa. Hicho ndo kimea, na kazi yake ni ile ile ya shayiri kwenye viwanda vya bia, punje ikianza kuota inaamsha vimeng'enya vya kugeuza wanga kuwa sukari. Na msesewe unashika nafasi ya hopu, yale maua machungu ya bia, unatia uchungu. Ukifikiria vizuri mbege ni bia na mvinyo wa tunda kwenye chombo kimoja, na walioigundua hawakuwa na mtu wa kuwaelekeza.

18 Oktoba

Ndizi kilo 6 zimechemka tangu saa 2 asubuhi mpaka saa 8 mchana, kwa moto mdogo, hadi zikawa rangi ya udongo mwekundu. Huwezi kuharakisha hapa, gesi ingeniua kwa bei kwa hiyo nimetumia kuni nje. Zimepoa nikaweka kwenye ndoo mpya na maji, nimefunika kwa kitambaa.

21 Oktoba

Siku ya 3 na ndoo imetulia kama maji ya kuoga. Hakuna povu wala harufu. Nikampigia mama. Akauliza ndoo ni mpya? Ndiyo mama, nimeinunua wiki iliyopita. "Basi hiyo haijawahi kupika. Pipa langu linajua kazi yake." Nikamuelewa papo hapo na nikasikia raha kweli, kwa sababu pipa lake la mbao halijawahi kusuguliwa kwa sabuni maisha yake yote, hamira ya mbege zote zilizopita inaishi kwenye zile nyuzi za mbao, ndizi zikiingia tu zinaanza. Yangu ya plastiki ni tupu na ndizi nimezichemsha kwa masaa 6, chochote kilichokuwa hai kwenye ganda kimekufa.

Akaniambia nichote unga wa kimea mkono mmoja, mbichi, usipikwe, nitupe humo. Kwenye maganda ya ulezi kuna hamira ya porini. Nimefanya saa 12 jioni.

22 Oktoba

Asubuhi povu limefika kwenye kitambaa!

25 Oktoba

Nimechuja ndizi kwa majani makavu yaliyooshwa kama nyumbani, unga wa kimea nimepika uji mwepesi, ukapoa kabisa (ukiwa wa moto unaua kila kitu, mama alilirudia hili mara 3) nikachanganya. Msesewe kipande kidogo tu kimechemshwa pembeni nikaweka maji yake vijiko vichache. Ule mti una nguvu, ukoo wake ndo unatoa dawa za kushusha presha, sio wa kujaza mkono.

26 Oktoba

Lita 9. Tumekunywa na Wachaga 4 wa hapa mtaani na mzee mmoja wa Kigogo ambaye yeye amezoea ya uwele na mtama. Mmoja alishika kata akanyamaza muda mrefu halafu akasema, inakaribia. Kwangu hiyo inatosha. Tamu mbele, uchungu nyuma, ule unga mzito kwenye midomo. Imebaki lita 1 hivi, kesho itakuwa imechachuka na keshokutwa haifai, na hapo ndo tofauti kubwa na mvinyo, huu wa stoo ninauomba usibadilike na mbege inabadilika unaiangalia.

Kuna waliouliza kama nitauza. Siuzi, pombe za kuuza zina leseni zake na mimi hii ni starehe yangu. Na aliyependekeza tukeneke ile iliyochachuka nimemkatalia palepale, hiyo ni gongo, sheria iko wazi, na mimi sitaki kumpofusha mtu.

9 Novemba

0.998 tena, wiki ya 4 haijasogea. Mvinyo umetakata, nasoma maandishi ya gazeti kupitia kwenye glasi. Asilimia 11 na kidogo. Nimejaza chupa 23 na nusu. Ile nusu nimeinywa na mke wangu usiku na wote tulinyamaza kwanza. Umekaa mdomoni. Ndizi huioni ukiitafuta, ila ungeitoa ungejua.

20 Desemba

Njia ya Kondoa na Babati, chupa 20 kwenye tenga, kila moja imevikwa soksi na katikati nguo. Nimekaa nalo miguuni mpaka Arusha, kondakta alitaka kuliweka kwenye buti nikamwambia nalipia siti.

25 Desemba, Marangu

Mama hakuonja wa kwanza, alimimina akampelekea baba mkubwa, ndo utaratibu. Baba mkubwa akanywa, akatikisa kichwa kukubali, ndo mama akachukua yake. Amekunywa taratibu, glasi yote, akiangalia migomba. Akasema, "Ndizi nimeiona." Halafu akasema choya ningepunguza tena kidogo inashika koo, na sukari imeisha sana, wazee wanapenda iachwe kidogo. Nikamweleza kuhusu chupa zilizopasuka. Akasema kumbe ndo maana yeye hafungi mbege, anaegesha mfuniko tu.

27 Desemba

Leo amepika. Nilitoa haidromita nikamuonyesha, tukachuja mbege yake kwa kitambaa mara 2 kwa sababu unga unainyanyua na namba inakuwa ya uongo, hata hivyo haiaminiki sana ila ukipima ile ile mara kwa mara unaona inavyoshuka. Asubuhi 1.034, saa 6 mchana 1.029, jioni 1.022. Kila mara kabla sijapima alikuwa anachota kidogo kwa kata anaonja anasema imeshuka au bado, na mara zote 3 alipatia. Ile ya jioni alisema hapa ndo wanywe, wakaitwa.

29 Desemba

Natoka kesho. Mama kaiomba haidromita. Anataka aipime na ile ya mwezi wa pili, kuna harusi, atakuwa na mapipa 4 na anataka yote yafikie pale pale siku ile ile. Nimemwandikia 1.022 kwa peni nyekundu kwenye kipande cha karatasi, kakibandika kwenye mlango wa jiko. Mimi nimeshaagiza nyingine Dar, na choya ya bachi ya tatu ni gramu 300.